Nani Alipie Herufi Zisizo na Namba?

Wenzangu, asanteni kwa kubaki ukumbini saa hii. Najua wengine hamjala. Nianze na ndugu wawili wa Guinea. Mwaka 1989, mjini Nzérékoré, Ibrahima Barry alikuwa na miaka 14 na mdogo wake Abdoulaye miaka 10. Baba yao alikuwa akisomea watu barua za Kifulani zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mara nyingi ilikuwa kazi ya kubahatisha, maana Kifulani kina sauti ambazo Kiarabu hakina. Watoto wale wakajifungia chumbani, wakafumba macho na kuchora mistari ovyo. Wakifumbua, wanachagua maumbo yaliyowapendeza. Hivyo ndivyo yalivyozaliwa maandishi ya Adlam: herufi 28, kutoka kulia kwenda kushoto.

Adlam ikaenea kwa vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono. Shida ilianza kwenye kompyuta. Akina Barry, wakiwa Marekani sasa, walilipa watengenezewe fonti, na herufi zao zikavishwa juu ya namba za herufi za Kiarabu. Ukimwandikia mtu mwenye fonti ile, anasoma Kifulani. Asiye nayo anaona rundo la herufi za Kiarabu zisizo na maana yoyote.

Kwa nini? Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Ukibonyeza "a" ndogo, kinachosafiri ni 97, na simu ya upande wa pili inachora "a" kwa sababu wote tumekubaliana kwamba 97 ni "a". Daftari la makubaliano hayo linaitwa Unicode, na shirika linalolitunza tunaliita hivyohivyo. Maandishi yasiyomo humo, kwa mashine, ni michoro tu: huwezi kuyatafuta, wala kuyapanga kwa alfabeti, wala kuyatuma kwa ujumbe.

Sasa fedha. Kupeleka pendekezo Unicode hakutozwi hata senti. Gharama iko kabla ya hapo. Lazima mtu afunge safari, apige picha miswada, aketi na walimu na wazee wanaobishana kama herufi fulani ina umbo moja au mawili, achore kila umbo, aandike pendekezo la kitaalamu, lirudishwe na maswali, aandike tena. Hiyo ni miaka. Kampuni kubwa za teknolojia zinazoketi katika meza ya Unicode zina wahandisi wa kutosha, lakini haziuzi simu nyingi kwa watu elfu hamsini walioko kijijini, na sizilaumu sana.

Pengo hilo, tangu 2002, linazibwa na mradi mmoja katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanzishwa na mwanaisimu Deborah Anderson. Umeishi kwa ruzuku, zikiwemo za mfuko wa serikali ya Marekani wa taaluma za utu, na kwa michango ya watu binafsi. Ruzuku ina mwisho, na ikikatika, yule mtaalamu aliyekwisha kuaminiwa na wazee anatafuta kazi nyingine.

Unicode nao wana mpango wao wa kuchekesha, tangu Desemba 2015: unamlea emoji. Dola 100, 1,000 au 5,000, unapewa cheti cha kumlea chapati au punda wako, na fedha zinasaidia lugha ambazo hazijapata huduma kidijitali. Mimi nacheka, lakini napokea. Ila urithi wa maandishi ya watu hautakiwi kungojea nani kapenda katuni.

Adlam ilipata namba zake Juni 2016. Hata hapo kazi haikwisha, maana namba bila fonti na kibodi inakuonyesha vijisanduku vitupu.

Sisi wa Kiswahili tuna bahati. Hata miswada yetu ya tenzi kwa hati ya Kiarabu, herufi "pe" na "che", ambazo Kiarabu hakina, tulizikuta daftarini tayari kwa sababu ya Waajemi. Tulidandia basi la wenzetu. Lakini njooni Kongo. Mwaka 1978 Wabeladio Payi alianza kubuni maandishi ya Mandombe. Inasimuliwa kwamba aliona maumbo ya tarakimu 5 na 2 kwenye maungio ya matofali ya ukuta. Kanisa la Kimbangu linayafundisha maandishi hayo, nayo huandika Kikongo, Lingala, Kiluba cha Kasai na, ndiyo, Kiswahili. Unicode hayamo. Ugumu wake ni kwamba umbo lilelile likigeuzwa au kupinduliwa linakuwa herufi nyingine. Je, kila silabi ipewe namba yake, au vipande vipewe namba na fonti iviunganishe? Jibu halitoki Berkeley. Linatoka kwa walimu wa Mandombe, wakiketi na mtu anayejua Unicode, kwa miezi. Katika vyuo vyetu wapo vijana wa isimu wanaoongea nao Kiswahili au Lingala bila mkalimani. Kinachokosekana ni posho, nauli ya Kinshasa na mtu wa kusaini hundi.