Haya Niliyasema Lini?

Mwenyekiti, ahsante. Ndugu zangu, wengine humu mmeshanisikia nikilisema jambo hili la picha na maandishi yetu kuchukuliwa mtandaoni bila ruhusa, na leo nalisema tena kwa sababu ujumbe haukatiki: "Nimekuta picha yangu kwa mtu nisiyemjua, nifanye nini?" Na kabla sijajibu, hakosekani wa kunitangulia: "Si uliiweka mwenyewe mtandaoni?"

Nianze na jibu hilo hilo, maana linanikera kuliko wizi wenyewe.

Mama yangu ni fundi cherehani. Miaka yote amekuwa akitundika nguo alizomaliza kushona kwenye mlango wa chumba chake cha kazi ili wapita njia wazione. Gauni linaning'inia pale tangu asubuhi, kila mtu analiona, wengine wanalishika kupima kitambaa. Sijamsikia hata mmoja aliyelitungua, akaondoka nalo, kisha akasema, "Si ulilitundika mwenyewe?" Kuonyesha ni kuonyesha. Kugawa kuna maneno yake: chukua, nimekupa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimpiga picha mikono akitunga uzi kwenye sindano. Picha ya karibu kabisa: kidole gumba cha kushoto chenye kovu refu la mkasi, uzi mweusi umelowa mate kwenye ncha, na tundu la sindano ambalo macho yake yalikuwa yameanza kulikosa. Nikaiposti pamoja na aya tatu za jinsi anavyojaribu mara nne, mara tano, na jinsi anavyokataa kusaidiwa. Jina langu nililiandika kwenye kona ya chini.

Miezi ikapita. Siku moja binamu yangu akanitumia tangazo la dawa ya kuchua viungo. Mikono ni ile ile. Kona yenye jina langu imekatwa. Picha imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, hivyo kovu limehamia gumba la kulia; ni ujanja wa kawaida wa kuzipoteza mashine za kutafuta picha. Na aya zangu tatu zimepasuliwa, zikashonwa upya: "Nilikuwa siwezi hata kushika sindano. Leo nashona tena. Nawashukuru."

Nikamwonyesha mama. Akaitazama simu kwa muda, akaweka gumba lake la kushoto kando ya lile la kwenye picha, akauliza: "Haya niliyasema lini?"

Swali hilo ndilo linalonipandisha majukwaani. Hakuuliza nani kamwibia. Aliuliza nani kamtia maneno mdomoni mbele ya watu asiowajua, na pengine yuko mgonjwa aliyetoa fedha zake kwa kuamini ushuhuda ambao mama hakuutoa. Ndiyo maana mtu akiniambia "ni picha tu", huwa namwomba atafute neno jingine.

Mimi mwenyewe nilikosea hatua ya kwanza, nanyi msiikosee. Nilikimbilia kwenye ukurasa wao nikaandika maneno makali. Haikupita saa moja wakanifungia na tangazo likafutwa. Wiki mbili baadaye likarudi kwa akaunti yenye jina jingine, nami sikuwa na kitu mkononi. Kabla hujamgusa mtu, kusanya ushahidi. Piga picha ya skrini nzima, anwani ya ukurasa ikionekana, tarehe na saa zikionekana. Ukurasa ukiwa wazi kwa wote, uhifadhi pia kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandao, ili kuwe na nakala isiyokaa kwenye simu yako. Kisha tafuta faili lako la asili na usilihariri hata kidogo, kwa kuwa ndani yake mara nyingi mna tarehe na aina ya kamera, maelezo ambayo mitandao mingi huyafuta unapopakia. Mwizi ana picha moja iliyokatwa. Wewe unayo nzima, na zile ulizopiga kabla na baada yake. Mimi ninazo 11 za siku ile, nyingi mama akilikosa tundu.

Najua kuna anayesema moyoni: lakini haikusajiliwa, wala haikuwa na alama ya hakimiliki. Ndugu yangu, jambo hilo limeamuliwa tangu mwaka 1908. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda kazi za watunzi, ni wa mwaka 1886, na ulipofanyiwa marekebisho Berlin mwaka 1908 nchi wanachama zilikubaliana kwamba haki ya mtunzi haitegemei kusajili wala kuweka alama yoyote. Umeandika, umepiga picha, haki imezaliwa hapo hapo. Marekani ilichelewa, ikaingia mwaka 1989, lakini iliingia.

Mwingine atasema: masharti ya mtandao uliyakubali mwenyewe. Kweli, tuliyakubali, na tuyasome basi. Kwa kawaida yanaipa kampuni ya mtandao ruhusa ya kuionyesha na kuisambaza kazi yako katika huduma yake. Hayamtaji muuza dawa. Hoja hii ilishafika mahakamani. Januari 2010, tetemeko lilipoipiga Haiti, mpiga picha Daniel Morel alikuwa Port-au-Prince, akaziweka picha zake mtandaoni kupitia Twitter. Mtu mwingine akazinakili na kuzitoa kama zake, shirika la habari la AFP likazichukua, na kupitia Getty Images, kampuni inayouza picha kwa vyombo vya habari, zikafika dunia nzima. AFP ikadai kwamba masharti ya Twitter yaliiruhusu. Mahakama ya New York ikakataa, na Novemba 2013 wazee wa baraza wakaamua Morel alipwe dola milioni 1.2. Ilimchukua karibu miaka minne, naye ana jina na ana wanasheria. Siwaambii ni rahisi. Nasema hoja ya "si uliiweka mwenyewe" ilipimwa mbele ya jaji ikaanguka.

Na wewe unayesema "lakini niliandika jina lake chini": kutaja jina ni heshima, na mtunzi anastahili. Ruhusa ni kitu kingine. Ungeuliza. Ujumbe wa mstari mmoja. Mimi wanaoniuliza huwakubalia karibu wote. Kunukuu sentensi mbili ili kunikosoa sizungumzii hapa. Sheria nyingi zinakuruhusu, na mimi nakukaribisha unikosoe.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nina kurasa nne zimebaki, kwa hiyo niende mbio.

Ilani ya kuondoa, yaani barua ya kuutaka mtandao uishushe kazi yako iliyowekwa bila idhini. Mitandao mikubwa mingi ina fomu yake kwa sababu ya sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni ya mwaka 1998, ile inayoitwa DMCA, na fomu hiyo unaijaza popote ulipo. Taja kazi yako, weka anwani kamili ya kila ukurasa ilikowekwa bila idhini, andika mawasiliano yako, thibitisha kwamba unasema kweli, tia sahihi. Jueni kwamba anayelalamikiwa anaweza kupelekewa jina lako, na anaweza kupinga. Akipinga nawe usipofungua kesi, kazi inaweza kurudishwa ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi. Tangazo la pili la mikono ya mama nililiondoa kwa njia hiyo.

Picha za watoto nilitaka kuzipa nusu saa, nimekosa. Habari za kampuni zinazovuna maandishi yetu kufundishia mashine, vivyo hivyo, nialikeni tena.

Moja siliachi, kwa sababu ndilo linalowakwamisha wengi wanaonijia. Hakimiliki ya picha kwa kawaida ni ya aliyeipiga, si ya anayeonekana ndani yake. Kwa mikono ile, mlalamikaji wa hakimiliki nilikuwa mimi. Mama alikuwa na lalamiko lake, la sura yake na maneno aliyosingiziwa, na njia yake ni nyingine: ni faragha, ni haki ya mtu kutotumiwa kutangaza biashara, na mitandao mingi ina fomu tofauti kwa hilo. Ukijaza fomu isiyo yako, utakataliwa na utadhani huna haki.

Dada kule nyuma, umeinua mkono tangu nilipotaja tangazo. Simama, tafadhali. Kabla hujatueleza iko wapi sasa hivi, tuambie kwanza: hiyo picha alikupiga nani?