Kopi, zilipendwa na tungo mpya: bendi zetu za nyanda za juu zipige nini?

SEKELA: Karibuni wasikilizaji wetu popote mlipo, kuanzia hapa Mbeya mjini hadi Tukuyu, Makambako na Iringa. Leo mimi na kaka Ambakisye tunazungumzia jambo linalowagawa wapenzi wa muziki wa dansi: je, bendi inayopiga nyimbo za watu wengine usiku kucha inaujenga muziki au inaudumaza? Msimamo wangu nautoa mapema. Bendi isiyo na tungo zake, hata ikipiga kwa ustadi wa namna gani, bado haijaanza kazi yake.

AMBAKISYE: Ahsante, dada Sekela. Mimi ni mpiga gita la ridhimu, na riziki yangu kwa miaka mingi imetokana na kopi, yaani kupiga nyimbo za wengine, kwa hiyo nitaitetea kwa moyo wote. Mbaraka Mwinshehe, yule mwimbaji na mpiga gita wetu wa dansi, alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari huko Mombasa. Kijana yeyote aliyezaliwa baada ya hapo hawezi kusimulia kwamba alimwona jukwaani. Anachoweza kupata ni rekodi za redio, au bendi inayoupiga wimbo wake hapo mbele yake, magita yakijibizana na watu wakiinuka kucheza. Ukiziondoa bendi za kopi, muziki ule utabaki kuwa kitu cha kusikilizwa tu, ilhali ulitungwa uchezwe ukumbini.

SEKELA: Hapo sina ubishi nawe. Ninachokipinga ni bendi kuridhika hapo. Nenda ukumbi wowote wa hapa mjini Jumamosi, kisha nenda harusi ya Jumapili: orodha ya nyimbo ni ileile, mpangilio ni uleule, na hata maneno ya kuwasalimia wageni katikati ya wimbo yameigwa kutoka kwenye rekodi. Mwanamuziki anapoiga hadi majina ya watu waliosalimiwa Dar es Salaam mwaka 1985, mimi huona uchungu, kwa sababu mbele yake wameketi watu wa Mbeya wenye majina yao na mambo yao, wala hakuna anayewaimba.

AMBAKISYE: Hilo la salamu nakubali ni uvivu. Lakini kuiga chenyewe si uvivu hata kidogo, dada yangu. Kijana wetu wa gita la solo alipokuwa anajifunza wimbo mmoja wa Marijani Rajab, mwimbaji wa dansi wa zamani, alikaa na simu sikioni akirudia kipande kifupi kilekile, akitafuta kila sauti kwenye nyuzi hadi ikakaa mahali pake. Alipodhani amemaliza, akagundua kwamba gita la pili halilifuati la kwanza bali linalijibu, na kwamba ridhimu inanyamaza mahali fulani kwa makusudi ili besi ipite. Hayo hakufundishwa na mwalimu yeyote. Aliyefundisha ni wimbo wenyewe.

SEKELA: Basi ni shule, na anayesoma sharti siku moja ahitimu. Angalia historia yetu. Tangu miaka ya 1930 santuri za muziki wa Cuba, zile za GV zilizotolewa na kampuni ya HMV, zilienea Afrika, na wanamuziki wetu wakaziiga kwa bidii. Morogoro ilikuwa na bendi iliyojiita Cuban Marimba, yaani hata jina lake lilitangaza ilikochota. Lakini Salum Abdallah, kiongozi wake, hakuishia kwenye rumba za watu. Alitunga kwa Kiswahili, juu ya mapenzi na juu ya maisha ya watu aliowafahamu, na tangu alipofariki mwaka 1965 hadi leo anakumbukwa kwa tungo hizo. Hakuna anayemkumbuka kwa ustadi wa kuiga santuri za Havana.

AMBAKISYE: Ila wapo walioiga wakabaki hapohapo na wakaheshimika. Kuna kundi la Australia lililoanzia Adelaide mwaka 1988, The Australian Pink Floyd Show, ambalo kazi yake yote ni kuuiga muziki wa Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, hadi taa za jukwaani. David Gilmour, mpiga gita wa Pink Floyd mwenyewe, aliwaalika wapige kwenye sherehe yake ya kutimiza miaka 50, mwaka 1996. Mwenye muziki akikualika kwenye sherehe yake, nani tena atasema hujaanza kazi?

SEKELA: Nitasema wamefanya kazi ya kutunza, na ninaiheshimu. Lakini mimi humpenda zaidi anayeuchukua wimbo wa mwingine akaufanya useme jambo jipya. Mwimbaji wa Marekani Otis Redding alirekodi "Respect" (Heshima) mwaka 1965, mwanamume akidai heshima kwa mkewe anaporudi nyumbani. Mmarekani mwenzake, Aretha Franklin, alipouimba mwaka 1967, anayedai heshima akawa mwanamke, na wimbo ukageuka kuwa sauti ya watu wengi waliokuwa wamenyimwa haki zao. Wimbo huo ulipigwa upya kwa sababu aliyeupiga alikuwa na neno lake la kusema.

AMBAKISYE: Sisi nasi hulazimika kubadilisha, japo si kwa hiari. Bendi nyingi za huku hazina wapuliza tarumbeta wala saksafoni, kwa hiyo kinanda kimoja kinabeba kazi ya watu wanne, na wimbo unatoka mwembamba. Hapa tuongee juu ya fedha, dada, kwa sababu ndiko jambo liliko. Iringa ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, bendi ya kampuni ya kuchonga almasi, ambayo miaka ya 1980 ilisikika nchi nzima kwa nyimbo zake yenyewe, pamoja na wale waimbaji mapacha, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Nyuma yao palikuwa na kampuni. Vyombo havikuwa vya kukodi, na mazoezi yalikuwa sehemu ya kazi. Mashirika ya umma yalipoyumba na kubinafsishwa, bendi zao nyingi zilikufa, na mwanamuziki akabaki na mwenye ukumbi anayetaka watu wanywe na waimbe pamoja na bendi. Utungo mpya unahitaji wiki kadhaa za mazoezi. Nani atanilipa wiki hizo?

SEKELA: Hilo ndilo swali zito, na sitaki kulirukia. Hata hivyo, wapo waliotunga wakiwa katika hali hiyohiyo. Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wakiwatumbuiza watalii kwenye hoteli za pwani, mahali ambapo mgeni anataka kusikia anachokijua. Mwaka 1982 wakatoa "Jambo Bwana", utungo wao wenyewe uliotokana na salamu zilezile walizokuwa wakiwapa wageni, na mwaka uliofuata Boney M, kundi la disko la Ujerumani, wakatoa toleo lao huko Ulaya. Walioajiriwa kuwafurahisha wageni wakawa wao ndio wa kuigwa.

AMBAKISYE: Na je, unapoigwa unapata nini? Hapa nchini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki juu ya kazi yake kupigwa hadharani, na haki hiyo haizikwi pamoja naye, inabaki kwa warithi wake. Lakini nimepiga kumbi nyingi ambako hakuna hata aliyeuliza wimbo ni wa nani.

SEKELA: Basi tuanze na kisichohitaji fedha. Kila bendi inayopiga kopi imtaje mtunzi kwenye kipaza sauti kabla ya wimbo, jina lake na bendi yake. Pili, kila usiku wa dansi uwe na tungo mbili za bendi yenyewe. Ninaomba mbili tu, na zimtaje mtu wa Soweto, Mwanjelwa au Uyole, hapahapa Mbeya.

AMBAKISYE: Mbili nitazibeba, ila usiniwekee mwanzoni, wakati viti bado vitupu na fundi mitambo anahangaika na spika. Wala usiniwekee mwishoni, watu wanapotafuta bodaboda za kurudi nyumbani.

SEKELA: Ziwekwe saa tano usiku, mara baada ya wimbo wa Mbaraka, watu wakiwa bado wamesimama.

AMBAKISYE: Na mpiga ngoma asisimamishe mapigo katikati.

SEKELA: Asisimamishe kabisa.