Namna ya kusoma ukurasa wa kitabu cha kwaya cha Zama za Kati

Karibuni watazamaji. Leo tunachukua ukurasa mmoja wenye herufi ya dhahabu na kuusoma mpaka tujue uliimbwa siku gani, katika Misa ipi, na ulishikwa na watu wa namna gani. Kilatini si lazima ukijue. Kama umewahi kuimba kwaya parokiani, una nusu ya ujuzi tayari.

Ukurasa wetu unatunzwa New York, katika Morgan Library, kwa namba M.653.1. Ulikuwa sehemu ya graduali, yaani kitabu cha nyimbo za Misa, kilichotengenezwa miaka ya 1390 kwa ajili ya monasteri ya San Michele, kwenye kisiwa kilicho karibu na Murano, Venice. Aliyeupamba ni Don Silvestro dei Gherarducci, mtawa wa shirika la Wakamaldoli huko Florence, aliyefariki mwaka 1399. Vasari, mwandishi wa maisha ya wasanii wa Italia, anasimulia kwamba watawa wenzake waliuhifadhi mkono wake baada ya kufa, kwa heshima ya kazi iliyotoka humo.

Fungua picha. Kwenye simu, igeuze ilale ili upate nafasi.

Hatua ya kwanza: usivute karibu. Najua macho yanakimbilia dhahabu, lakini subiri. Tazama ukurasa mzima na usome vipimo vilivyoandikwa kando ya picha. Huu una urefu wa zaidi ya nusu mita. Mtu hasali peke yake na kitu cha ukubwa huu. Kitabu kimoja kiliwekwa kwenye kisimamio, watawa wakakizunguka, wote wakisoma humo humo, wengine kwa mbali na kwa mwanga wa mishumaa. Ndiyo maana maandishi ni makubwa na mistari ya muziki ni michache. Ukikutana na ukurasa unaotosha kwenye kiganja, umekutana na kitabu cha sala cha mtu binafsi, na maswali yake ni mengine kabisa.

Hatua ya pili: tafuta maandishi mekundu. Wanaohudumu altareni mnalijua hili: nyekundu ni maelekezo, nyeusi ndiyo inayotamkwa. Misale ya leo bado inafanya hivyo hivyo. Mekundu hayaimbwi. Yanakuambia sikukuu ni ipi na wimbo ni wa aina gani, na karibu kila mara yamefupishwa ili kubana nafasi. “Dom.” ni Dominika. “Ps.” ni zaburi. “V” ni shairi la mwimbaji mmoja au wachache, na “R” yenye mkia uliokatwa na mstari ni kiitikizano. Ukiona “Off.” ni wimbo wa matoleo, na “Com.” ni wa komunyo. Huo tayari ni mpangilio wa Misa unayoijua. Namba za Kirumi ukizikuta pembeni au juu, mara nyingi ni namba ya karatasi. Ziandike, tutazihitaji.

Hatua ya tatu, sasa vuta karibu. Herufi yetu ni P. Ndani yake kuna kuzaliwa kwa Yesu, na wachungaji wakipewa habari. Swali la kujiuliza kila mara ni moja: herufi hii inaanzisha neno gani? Hapa ni Puer. Puer natus est nobis, mtoto amezaliwa kwa ajili yetu, maneno kutoka Isaya 9. Noeli ina Misa tatu na kila moja ina wimbo wake wa mwanzo. Ya usiku huanza Dominus dixit ad me, ya alfajiri huanza Lux fulgebit, na ya mchana ndiyo hii yetu. Kwa hiyo mtawa aliyekuwa akifunua kitabu kwa haraka hakuhitaji kusoma kitu. Aliona P kubwa yenye Mtoto ndani, akajua amefika Noeli, Misa ya mchana. Mapambo haya ni kazi kwanza, urembo baadaye. Nasema hivyo kwa sababu maelezo mengi mtandaoni yanaishia kwenye urembo.

Dhahabu nayo ina siri yake. Kwanza palipakwa lipu laini ya jasi, mara nyingi ikiwa imetiwa udongo mwekundu, ikaachwa ivimbe kidogo juu ya ngozi ya mnyama, ambayo ndiyo karatasi ya kitabu. Fundi aliipulizia pumzi ya mdomoni ipate unyevu, akalaza dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko karatasi yoyote, kisha akaisugua kwa jiwe laini au jino la mnyama mpaka ing'ae. Kwa kuwa imeinuka, kila mshumaa unapotikisika nayo inameta. Tafuta sehemu zilizochubuka: ukiona wekundu unachungulia, hiyo ni ile lipu ya chini. Kuhusu bluu, usikubali mtu akuhakikishie kwa kutazama picha tu kwamba ni lapis lazuli, jiwe la bluu la Badakhshan, Afghanistan. Ilikuwepo, tena kwa bei kali, lakini azuraiti, madini mengine ya bluu yaliyokuwa nafuu, hufanana nayo mno.

Hatua ya nne: maneno. Mstari mdogo juu ya irabu maana yake kuna m au n imerukwa. “Dns” yenye mstari juu ni Dominus. “Xps” ni Christus, maana herufi mbili za mwanzo ni za Kigiriki. S ndefu inafanana na f, usidanganyike. Mwishoni mwa zaburi unaweza kukuta “euouae”. Usihangaike na kamusi, ni irabu tu za seculorum amen, zimewekwa kuonyesha jinsi ya kumalizia. Na namba za zaburi: Cantate Domino, zaburi inayofuata hapa, ni ya 97 kwa hesabu ya Kilatini, ila kwenye Biblia yako fungua 98.

Hatua ya tano: imba. Mistari ni minne, siyo mitano. Alama yenye umbo la C mwanzoni inakuonyesha d (do) iko mstari gani, na kutoka hapo unahesabu kwa solfa kama kawaida. Solfa yenyewe ina mizizi humu humu, kwa Guido wa Arezzo, mtawa wa karne ya 11. Puer natus inaanzia s (so), inaruka moja kwa moja hadi r (re) ya juu. Jaribu. Noti za mraba hazina mapigo, kwa hiyo fuata maneno.

Hatua ya sita, ambayo wengi wanairuka: tafuta picha ya upande wa pili. Katika vurugu za enzi za Napoleon, vitabu vingi vya kwaya vilitolewa monasterini na makanisani, vikakatwa. Mwaka 1825 Luigi Celotti, mfanyabiashara wa sanaa, aliuza vipande vya namna hiyo kwenye mnada wa Christie's, London, vikiwemo vya kikanisa cha Sistina, Vatikani. Aliyekata herufi nzuri mbele aliuharibu wimbo ulioandikwa nyuma. Upande wa pili pamoja na ile namba ya Kirumi ndivyo vinavyosaidia watafiti kurudisha karatasi zilizotawanyika kwenye mpangilio wake. Ukikuta mtu anauza karatasi moja moja kutoka kitabu kizima, tafadhali usimuungishe.

Ya kufanyia mazoezi: makumbusho ya Getty, Walters ya Baltimore na ya Cleveland, huko Marekani, yanatoa picha kubwa bure mtandaoni. Tafuta A ya Ad te levavi, Dominika ya kwanza ya Majilio, ambapo mara nyingi utamwona Daudi akimwinulia Mungu roho yake, imechorwa kama mtoto mdogo. Kisha R ya Resurrexi, Pasaka. Ukikwama, andika maneno ya mwanzo kwenye Cantus Index, orodha ya mtandaoni ya nyimbo za kale za Kanisa, nayo itakuambia ni wimbo wa siku gani.