Picha Nzito, Bando Jepesi: Mazungumzo na Wasanii wa Bagamoyo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Nianze na kero yenyewe, maana wengi mliokaa hapa mnaijua. Tangazo la maonyesho linatoka: tuma picha 10 za kazi zako na video ya dakika moja, kwa barua pepe. Kompyuta huna, una simu. Unaitoa michoro uani, unaipiga picha jua likiwa zuri, unaziambatisha zote, unabonyeza tuma. Ule mstari unatembea kidogo, unasimama. Simu inapata moto mkononi. Unasogea kuelekea baharini kutafuta mtandao, unarudi, bado inatuma. Kulipokucha bando limekwisha, na kuna ujumbe wa Kiingereza unaosema barua yako imekataliwa. Siku ya mwisho ya kupokea ilikuwa jana.

Hili linaniuma sana. Msanii anaachwa kabla kazi yake haijatazamwa na mtu yeyote.

Barua pepe ya kwanza kupita kwenye mtandao, mwaka 1971, ilikuwa maandishi matupu. Utaratibu wa kuambatisha picha na sauti, unaoitwa MIME, ulikuja mwaka 1992, kazi ya Nathaniel Borenstein na Ned Freed. Njia zilizokuwapo zilijengwa kupitisha herufi, basi wakaamua picha igeuzwe kuwa herufi kwanza: kila baiti 3, yaani vipande vidogo vya data, ziandikwe kwa herufi 4. Mpaka leo viambatisho vingi vinasafiri hivyo. Picha zako za MB 9 zinatoka kwenye simu zikiwa MB 12 na ushee. Theluthi nzima imeongezeka, na anayeilipia bando ni wewe.

Njooni sasa upande wa anayepokea. Gmail wanaruhusu kuambatisha hadi MB 25, na watu wanadhani hicho ndicho kipimo cha dunia nzima. Sivyo. Ofisi nyingi zina seva zao, yaani kompyuta zao za kupokea barua. Postfix, programu inayotumika sana kwenye seva za barua, isipobadilishwa chochote hukataa barua inayozidi baiti 10,240,000, karibu MB 10. Na uzito huo unapimwa picha zikiwa zimeshageuzwa herufi. Picha halisi zikipita MB 7, uko mashakani. Tena inakataliwa huko mbele, wakati simu yako imeshaipandisha barua yote. Na mtandao ukikatika katikati, kwa SMTP, utaratibu wa kawaida wa kutuma barua pepe, barua inaanza upya tangu mwanzo, si pale ilipofikia.

Tufanyeje? Picha ya megapikseli 12 ina pikseli, yaani nukta za rangi, 4,000 kwa 3,000. Anayechagua kazi ataitazama kwenye kioo cha kompyuta. Pikseli 2,000 kwa upana zinamtosha kabisa kuona rangi na mkono wako. Ipunguze kwenye programu ya kuhariri picha kabla ya kuiambatisha, nyingi zitashuka chini ya MB 1. Ile picha kubwa usiifute, itahitajika siku ya kuchapa kitabu cha maonyesho. Vyeti na barua za utambulisho msivipige kama picha za harusi: tumieni kichanganuzi, yaani skana, kilichomo kwenye programu ya Google Drive, kinatoa PDF, na ukichagua nyeusi na nyeupe ukurasa unakuwa mwepesi sana.

Video ni habari nyingine. Dakika moja ya ngoma kwa ubora wa 1080p inaweza kufika MB 60, hata kupita 100. Hiyo usijaribu kuiambatisha. Ipandishe Drive mapema, usiku kama bando lako ni la usiku, kisha tuma kiungo, ile link ya kuifungulia. Na hapa ndugu zangu nawasihi: kabla ya kunakili kiungo, fungua sehemu ya kushiriki, badilisha iwe mtu yeyote aliye na kiungo. Usipofanya hivyo, mchaguzi atabonyeza na kuambiwa aombe ruhusa. Ana maombi mengi mezani, hataomba. Halafu jaribu mwenyewe kukifungua kwenye simu ya jirani kabla hujakituma.

Kuhusu kupokea sitasema mengi. Ingia kwenye mipangilio ya Gmail, zima upakuaji wa viambatisho kiotomatiki, upakue kile unachokitaka tu.

Nimalizie na ninyi mnaoandaa maonyesho na matamasha, nashukuru mmekuja. Mnapoandika tangazo, tajeni ukomo wa uzito kwa MB, palepale kwenye mstari wa anwani ya barua pepe. Semeni wazi kwamba kiungo kinakubalika. Na barua ya msanii ikigonga mwamba siku ya mwisho, ule ujumbe wa kukataliwa una tarehe na saa. Mkubalieni autumie kama ushahidi kwamba alileta kwa wakati.