Utando Unaojilainisha Chini ya Hadubini ya Elektroni: Kilainishi Kimekwenda Wapi?

Karibuni tena. Leo tuna kisahani hiki cha chuma. Juu yake kuna utando wa molibdeni disulfidi wenye unene wa mikroni 1 tu, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Hautaki mafuta wala grisi: atomi zake zimepangwa matabaka, kama chapati iliyosukumwa vizuri, na tabaka moja huteleza juu ya jingine. Vyombo vya angani huutumia kwa sababu kwenye ombwe mafuta ya kawaida hugeuka mvuke. Mwaka 1991 antena kubwa ya chombo cha Galileo iligoma kufunguka, na wachunguzi wakashuku kwamba kilainishi kikavu kwenye pini zake kilikuwa kimechubuka.

Huu mstari unaong'aa ni njia uliyopita mpira mdogo wa chuma kwenye mashine ya msuguano. Tunataka kujua humo utando bado upo au umekwisha.

Vaa glavu kwanza. Mafuta ya kidole yakipigwa na elektroni yanaganda kuwa doa jeusi, na hulitoi tena.

Halafu, tafadhali, usioshe sampuli! Mimi niliwahi kuitumbukiza kwenye asetoni, nikaitikisa kwa mawimbi ya sauti, nikajiona fundi. Vumbi la msuguano, ambalo ndilo ushahidi wenyewe, likabaki kwenye bika. Piga picha kwanza, usafi baadaye.

Ibandike kwa utepe wa kaboni. Dhahabu huhitaji kuipaka, umeme unapita wenyewe. Funga mlango wa hadubini, acha pampu ivute hewa.

Anza na kilovolti 5 (nguvu ya kusukuma elektroni), ukuzaji mdogo, mara 50 hivi. Umeuona mstari? Sogea kwenye ukingo wake, ongeza hadi mara 2,000, rekebisha fokasi taratibu. Punje zikionekana zimevutika upande mmoja, kisha upande wa pili ukigeuza fokasi, gusa vitufe vya stigmata, vinavyonyoosha umbo la mwale, mpaka zitulie. Tazama hapa: vipande vyembamba vimejikunja pembeni kama maganda ya kitunguu. Hivyo ndivyo vipande vya utando vilivyosukumwa nje ya njia.

Sasa badilisha kipokezi, tumia elektroni zinazorudi nyuma. Kipimo hiki hung'arisha atomi nzito, kwa hiyo chuma kilichobaki uchi kitakuwa cheusi kidogo kuliko utando.

Tukija kwenye eksirei za kutambua elementi, hapa wengi huumbuka. Ukipandisha hadi kilovolti 15, elektroni zinapenya mikroni 1 na kufika chini, hivyo utaona feri, yaani chuma cha kisahani, hata pale utando ulipo mzima. Usikimbilie kusema umeisha; linganisha na sehemu ambayo haijasuguliwa. Mtego wa pili ni mbaya zaidi: kilele cha salfa, yaani mwinuko wake kwenye grafu ya eksirei, kiko 2.31 na cha molibdeni 2.29, kwa kilo-elektronivolti, na kipokezi cha kawaida huviona kama kimoja. Programu itakupa asilimia nzuri nzuri, usiziamini. Panda kilovolti 30, utafute kilele kingine cha molibdeni kwenye 17.4. Ni hafifu, lakini kiko peke yake.

Bado mpira. Watu huusahau! Uweke nao ndani, elekeza mwale kwenye kiduara kilichosuguana. Unaona ule utandu wenye mabaka? Sehemu ya kilainishi ilihamia huku, na inaendelea kufanya kazi.

Ukimaliza zima mwale, ingiza naitrojeni, kisha rudisha sampuli kwenye kopo lenye silika jeli, punje zinazofyonza unyevu. Unyevu huuharibu utando huu.