Nyumba ya Mchagga: Zizi, Ghala na Jiko Chini ya Paa Moja

Ndugu Mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Mada niliyopewa ni majengo ya kilimo ya milimani, na pengine baadhi yenu mlitarajia nianze na maghala ya mbao ya Uswisi, yale yaliyoinuliwa juu ya nguzo zenye vifuniko vya mawe ili panya wasipande. Nitabaki Kilimanjaro, ambako zizi na ghala viliwekwa ndani ya nyumba ya kulala, kwa sababu ambazo mkulima yeyote atazielewa.

Msonge wa Kichagga ulijengwa kwa miti na fito zilizofungwa kwa kamba za mgomba, ukaezekwa kwa nyasi nene kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kiasi kwamba paa na ukuta vilikuwa kitu kimoja. Mteremko mkali ulimwaga maji ya masika upesi kabla hayajapenya. Ukiingia katika msonge wa maonyesho uliojengwa Marangu, linalokushangaza kwanza ni udogo wa nafasi aliyoachiwa binadamu: upande mmoja ni wa ng'ombe na mbuzi, katikati pana mafiga, kitanda kimesukumwa pembeni. Joto la mifugo liliwafaa wenye nyumba katika baridi ya Juni na Julai, na chui hakuwafikia ndama kwa urahisi.

Hata hivyo, naona kwamba sababu kubwa ilikuwa samadi. Kihamba, yaani shamba la familia linaloizunguka nyumba, katika ukanda wa takriban mita 1,000 hadi 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa kawaida hakifiki hata hekta moja, nacho hupandwa migomba kizazi baada ya kizazi bila kupumzishwa. Hapakuwa na malisho ya kutosha kati ya vihamba, kwa hiyo ng'ombe alifungwa ndani na kuletewa chakula: majani ya migomba, vipande vya shina lake lililojaa maji, na nyasi zilizokatwa tambarare na kupandishwa mlimani vichwani mwa wanawake. (Tunaposifu mfumo huu, tusiisahau mizigo hiyo.) Kila kilichoingia mdomoni mwa ng'ombe kilirudi shambani kama mbolea, hatua chache tu kutoka mlangoni. Thamani yake inaonekana pia katika desturi ya kuwekeza ng'ombe kwa mtu mwingine: mnyama alibaki mali ya mwenyewe, lakini aliyemtunza alipata maziwa na samadi, na samadi haikuhesabiwa kuwa takataka bali sehemu ya ujira.

Juu ya mafiga kulikuwa na dari ya fito, ambayo ndiyo iliyokuwa ghala. Hapo zilikaa kuni, ndizi zilizosubiri kuiva kwa ajili ya mbege (pombe ya ndizi na ulezi), na ulezi wa kimea. Moshi, kwa kukosa bomba, ulipita katikati ya vitu hivyo kabla ya kupenya kwenye nyasi. Ulikausha nafaka, ukafukuza wadudu, na kurefusha maisha ya paa. Dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, alipoonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuanza kusambaa nchini, mahindi yaliyotundikwa juu ya moto yalikuwa na kinga ambayo mahindi ya guniani hayakuwa nayo. Bei ya kinga hiyo ililipwa kwa macho na mapafu ya mpishi.

Kahawa ilileta fedha, fedha ikaleta bati na nyumba za pembe nne, na kazi zilizokuwa chini ya paa moja zikatawanyika. Tazameni, hata hivyo, nyuma ya nyumba nyingi za matofali huko Kibosho au Machame: pana jiko la nje lenye dari yake ya ndizi na kuni, na banda la ng'ombe kando yake. Banda hilo, likisakafiwa kwa saruji yenye mteremko na mfereji unaoishia shimoni, hukusanya mkojo ambao sakafu ya udongo ya msonge ilikuwa ikiunywa, na mkojo huo ndio wenye sehemu kubwa ya naitrojeni ambayo mgomba unaihitaji. Kwa hili peke yake, mafundi wa leo wamewapita wazee. Bahati mbaya mabanda mengi ninayoyaona yana saruji lakini hayana mfereji.