Frank McGee: mabao 14 na jicho moja

Asanteni kwa kuja jamani. Leo nataka tuongee kuhusu mtu mmoja tu, Frank McGee, mchezaji wa hoki ya barafuni wa Ottawa, Kanada, maana kila akitajwa watu wanakimbilia yale mabao 14 aliyofunga kwenye mechi moja wanasahau jicho, na kwangu mimi jicho ndo habari yenyewe.

Mwaka 1900 aliumizwa usoni kwenye mechi, jicho la kushoto likapofuka. Sasa piga picha hoki ya barafuni ya enzi zile, saba kwa saba, helmeti hakuna, kile kisahani cha raba ni kigumu na kinaruka, fimbo zinachapana, na anayekujia kushoto humwoni kabisa. Yeye 1903 akarudi uwanjani, tena na timu ya Ottawa Silver Seven, na mwaka huohuo wakabeba Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa hoki Kanada.

Januari 1905 wakaja vijana wa Dawson City kuligombea kombe hilo, wametoka huko Yukon, kaskazini-magharibi mwa Kanada, kwenye dhahabu, safari ya kilomita kama 6,000 hivi, miguu, baiskeli, meli, treni, wamefika hoi. Mechi ya kwanza wakala 9-2 na McGee akafunga moja tu. Ya pili, tarehe 16, ikaisha 23-2, yeye peke yake katia 14, manane mfululizo ndani ya dakika zisizofika tisa! Mpaka leo hakuna aliyemfikia kwenye mechi ya kombe hilo. Na alikuwa mchezaji wa ridhaa, mkate wake ulikuwa kazi ya serikali.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja akaenda kujiandikisha. Inasimuliwa kwamba daktari alimwambia azibe jicho moja asome, akaziba lile bovu, akaambiwa haya ziba la pili, akabadilisha mkono tu, jicho akaziba lilelile. Akapita. Angesema ukweli angerudishwa nyumbani na hakuna ambaye angemlaumu, ndo maana hapa huwa nashindwa kupita haraka.

Mwishoni mwa 1915 akaumia goti, akatibiwa, akarudi kwenye batalioni yake ya 21 wakati vita vya Somme, huko Ufaransa, vinawaka. Tarehe 16 Septemba 1916 akauawa karibu na Courcelette, Ufaransa. Mwili haukupatikana. Jina lake liko kwenye mnara wa Vimy, ule wa kumbukumbu ya wanajeshi wa Kanada huko Ufaransa, pamoja na Wakanada wenzake zaidi ya 11,000 waliokufa Ufaransa wasio na kaburi linalojulikana.